Omu Tatu Katika Jiko la Mama

Mume wangu Ngari ni fundi wa stima, na anaogopa stima kuliko mtu yeyote ninayemjua. Hapa Manyatta watu wanacheka wakisikia hivyo. Hata mimi nilicheka miaka mingi, tena kwa sauti. Utamkuta amesimama mbele ya soketi ya kawaida, ile ambayo mtoto anachomeka chaja bila kufikiri, naye anaipima, anarudi nyuma, anaipima tena, kisha anaigusa kwa mgongo wa kidole kama anayejaribu uji wa mtoto. Mgongo wa kidole, anasema, kwa sababu stima ikikupata kwenye kiganja vidole vinajifumba vyenyewe na huwezi kuachilia. Mambo kama hayo ndiyo anayonisimulia tukiwa mezani.

Nilipomuuliza kwa nini basi hakuchagua useremala, aliniambia habari za Njuki. Walisoma pamoja katika chuo kimoja cha ufundi Embu mjini na walikuwa wakipata vibarua pamoja. Siku moja walikuwa wakibadilisha waya za duka. Aliyekuwa kwenye swichi kubwa aliwaambia amezima. Njuki alikuwa juu ya ngazi akiimba wimbo wa kwaya, akanyoosha mkono. Ngari hasemi zaidi ya hapo. Husema tu kwamba wimbo ulikatika katikati ya neno, na kwamba yule mtu hakuwa mwongo, alikuwa amezima swichi nyingine.

Tangu hapo haamini neno la mtu. Anaamini mita yake na hesabu zake, na hesabu anaziandika kwa kalamu kwenye kiganja cha kushoto. Jumapili tukisalimiana kanisani watu hukisoma kile kiganja na kutaniana naye. Hesabu zenyewe si ngumu, nami nimezisikia hata ningeweza kuwafundisha wale watoto wa chekechea ninaowasomesha. Volti ni msukumo. Ampea ni wingi wa kinachopita. Omu ni ugumu wa njia, ule ambao vitabu vya shule vinauita ukinzani. Gawanya volti kwa ampea, unapata omu. Zidisha volti kwa ampea, unapata wati, yaani kazi inayofanywa, na kazi hiyo ikiwa haizungushi kitu wala haiwashi taa, basi ni joto. Pasi yetu inapewa volti mia mbili na arobaini na kuvuta ampea tano. Omu arobaini na nane, wati elfu moja mia mbili. Nilikuwa namwambia, Baba Wawira, mimi nataka tu kunyoosha sare ya mtoto.

Lakini kuna jambo moja alilokuwa akilirudia ambalo sikulisikiliza vizuri. Alisema stima ikitoka hapa imejaa na kufika kule imepungua, kilichopungua hakijapotea. Kiko mahali fulani njiani, na pale kilipo kinachoma kitu.

Kitu cha pili anachokiogopa Ngari ni mama yangu.

Mama anaitwa Teresia. Anakaa Kanyakine, kwenye shamba alikotuzalia sisi wawili, mimi na kaka yangu Mbaka. Ni mzee wa kanisa, mwanamke wa maombi na fimbo, na magoti yake yamekufa, hainuki kwenye kigoda bila kushikwa. Mambo mengi ya zamani ameyaacha kwa sababu ya wokovu, lakini nthoni hajaiacha. Nthoni ni ile haya ya wakwe. Kwetu mwanamume haingii jikoni kwa mama mkwe wake, hamtazami usoni, hakai mahali mama huyo amekaa. Wakikutana njiani mmoja anachepuka. Siku hizi vijana wengi wanaipuuza, wanakumbatiana na mama wakwe mbele ya kamera za harusi. Mama akiona hivyo anageuka na kuangalia ukuta. Ngari naye alilelewa hivyo hivyo, kwa hiyo walielewana vizuri sana kwa kutoonana. Chai yake ililetwa nje chini ya mparachichi. Mama akitaka kumwambia neno, alinituma mimi, hata kama Ngari amesimama pale karibu anasikia kila kitu.

Sasa Mbaka ananunua mashine ya kukata nyasi za ng'ombe, ile yenye mota. Zizi liko nyuma ya jiko la mama, na stima iko nyumba kubwa mbele. Badala ya kumngoja shemeji yake aje, akavuta waya mwenyewe, maana Mbaka ni wale watu ambao wakiona kitu kikifanywa mara moja basi wanakijua. Ngari alipofika mwezi wa nane na kuuona waya umekamilika, aliuliza umepitia wapi. Ulitoka nyumba kubwa, ukavuka uwanja kwa juu, ukaingia kwenye ukuta wa jiko la mama, ukapita ndani ya itara, ukatokea upande wa pili hadi zizini.

Itara ni ile dari ya vijiti juu ya meko, mahali tunapokaushia kuni. Ya mama ni ya tangu baba akiwa hai, imeshiba masizi na kuni kavu kama karatasi. Ngari alimuuliza Mbaka kwa nini hapo, kati ya mahali pote. Mbaka alishangaa swali lenyewe.

"Panya wa hapa wanakula waya wote," alisema. "Lakini panya hawezi kaa kwa moshi. Hapo ndio iko safi kabisa, na mvua haifiki."

Kusema kweli, kwa akili ya watu wa kwetu lilikuwa wazo zuri. Mahindi ya mbegu tunayaweka juu ya moshi, vibuyu tunavitundika juu ya moshi, kwa nini waya usikae hapo? Ngari akaufuata ule waya hatua kwa hatua, akiushika na kuukagua, mpaka ukuta wa jiko. Hapo akasimama. Ndani mama alikuwa akisonga ugali na kuimba. Akazunguka jiko kwa nje, akauchukua waya ulipotokea, akaendelea hadi zizini. Kipande cha ndani hakukiona. Alimuuliza Mbaka kama kuna kiungo huko ndani.

"Waya ni moja," Mbaka alisema. "Imetoka huko ikafika hapa. Hakuna joint."

Ngari, mtu asiyeamini neno la mtu, akaliamini hilo, kwa sababu njia nyingine ilikuwa kuingia jikoni kwa mama mkwe na kupanda juu ya meko yake. Tukanywa chai tukarudi Manyatta.

Tulirudi Kanyakine msimu wa mvua kumwona mama magoti yalipozidi. Ilikuwa asubuhi nzuri, nyasi za napier zimejaa zizini. Mbaka alikuja akilalamika kwamba mashine imekuwa mvivu. Mwanzoni ilikuwa ikimeza nyasi kwa fujo, sasa inanung'unika, inakwama, na mota inachemka. Alidhani ni visu. Ngari alimwambia aiwashe na aendelee kuilisha nyasi, kwa sababu mashine isiyo na kazi haisemi ukweli. Akaenda nyumba kubwa, akapima. Akarudi zizini, akapima pale mashine ilipochomekwa. Kisha akaubana waya kwa ile mita yake yenye meno ya kushika, akasoma ampea. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye nyasi nikichambua maharagwe, namtazama akiandika kiganjani, na nilikuwa karibu kumtania kwamba leo amesahau kunawa.

Halafu nikaona uso wake. Nimemwona Ngari akiogopa mara nyingi, lakini ule woga wa kila siku una mdomo, unaongea, unafundisha. Huu ulikuwa umenyamaza.

Aliizima mashine. Mbaka akauliza kuna nini.

"Nyumba kubwa kuna volti mia mbili thelathini na sita," Ngari alisema polepole. "Hapa inafika mia mbili. Thelathini na sita zinabaki njiani. Mashine inavuta ampea tisa. Thelathini na sita gawanya kwa tisa ni nne. Omu nne, Mbaka. Waya kama huu, urefu huu, kwenda na kurudi, haifai kuzidi omu moja. Hizo tatu zingine ziko wapi?"

Mbaka alikuwa akiangalia viatu vyake. Na Ngari, ambaye hakuwa akimngoja tena, aliendelea na hesabu kwa sauti, kama mtu anayesoma jambo ambalo hataki kulifikia mwisho. Ampea tisa zikipita kwenye omu tatu zinaacha hapo volti ishirini na saba. Ishirini na saba mara tisa. Wati mia mbili arobaini na tatu. Ni sawa na zile balbu za zamani za wati sitini, nne pamoja, joto lake lote limekaa mahali padogo kama punje moja ya maharagwe ya njahi.

"Huko ndani kuna joint," Mbaka alisema. "Ilikuwa fupi kidogo. Nilifunga na mpira ya tyubu, nikakaza sana."

Sote watatu tuliligeukia jiko. Moshi ulikuwa ukitoka kwenye paa, kama kila asubuhi ya maisha yangu. Huo moshi haukuweza kutuambia lolote. Jiko la mama hutoa moshi hivyo hivyo akichemsha chai. Na mama alikuwa ndani.

Ngari alimtuma Mbaka akimbie azime swichi kubwa. Kuzimwa kwa mashine kulikuwa kumekata lile joto tu, waya ulikuwa bado hai mpaka hapa zizini. Mimi sikungoja. Niliacha maharagwe yakamwagika, nikaingia.

Mama alikuwa kwenye kigoda chake nyuma ya meko, upande wa mbali na mlango, anakoroga sufuria ya githeri. Aliniuliza mbona nakimbia kama mwizi. Nikainua macho. Ndani ya ile itara nyeusi, katikati ya kuni, kulikuwa na wekundu ambao haukutoka mekoni. Ulikuwa mdogo, kama jicho. Kisha kuni zikashusha pumzi na jicho likawa mwali, na cheche zikaanza kuanguka kwenye kitambaa cha mama, naye anazipangusa kwa mkono akidhani ni za meko yake.

Nilimzunguka nikamshika makwapani, nikavuta. Mama ni mtu mzima, mzito, na magoti hayakumsaidia. Nilivuta tena. Nyuma yangu kitu kililia kama mafuta kwenye kikaango, na nilipogeuka niliona waya umeanguka kutoka juu, ganda lake linayeyuka na kudondoka, shaba yake wazi, umening'inia kwa kimo cha kifua cha mtu, kati yetu na mlango. Mimi na mama tulikuwa upande huu. Ngari alikuwa amefika mlangoni, upande ule, na miguu yake imesimama kwenye kizingiti.

"Msiguse," alisema. "Lydiah, usiguse. Usisogee hata kidogo."

Sikuwa na nia ya kusogea. Nilikuwa nimekwisha kukata tamaa, nasema ukweli. Nilimfikiria Wawira, nani atamsuka nywele. Moto juu ulikuwa sasa na sauti, na joto lake lilinikausha macho. Mama alikuwa ameelewa mwishowe. Alishika mkono wangu kwa nguvu mpaka kucha zikaingia. Kisha akamwona Ngari pale mlangoni, na kitu cha kwanza alichofanya mama yangu, moto ukiwa juu ya kichwa chake, kilikuwa kuvuta kitambaa na kujifunika uso.

"Mwambie asiingie," aliniambia kwa Kimeru.

Kutoka nyumba kubwa tulimsikia Mbaka akipiga kelele kwamba amezima.

Nilimwona Ngari akilisikia neno hilo. Nilijua anasikia nini. Alikuwa anamsikia yule mtu wa duka la Embu. Na huyu wa leo ndiye yule yule Mbaka aliyesema waya ni moja, hakuna joint. Mita ilikuwa mkononi mwake, lakini kipande cha gogo linalowaka kilianguka kando ya mguu wa mama, na cha pili nyuma yake, na hapakuwa na nafasi ya kupima mara mbili. Hapakuwa na nafasi hata ya mara moja. Akaidondosha mita. Akanyoosha mkono wa kulia, akaugeuza, na kwa mgongo wa vidole akaupiga waya kando.

Hakuna kilichotokea. Waya ulikuwa umekufa.

Akaja moja kwa moja, akainama mbele ya mama, na kwa mara ya kwanza tangu anioe akamwambia neno bila kunipitishia mimi.

"Mama, nisamehe."

Akampakata kama mtoto, kichwa cha mama begani mwake, kitambaa bado usoni, akatoka naye. Mimi nilifuata nimeshika mgongo wa shati lake. Tulipofika kwenye nyasi itara yote ilianguka mekoni, na githeri, na kigoda.

Majirani walikuja na ndoo, wakaokoa kuta na nusu ya mabati. Moto ulipozimika Ngari aliingia tena, akakichomoa kile kiungo kutoka kwenye majivu na kukiweka kiganjani, juu ya hesabu yake. Ncha mbili zilizosokotwa, zimeliwa na joto na masizi, na mpira umegeuka mkaa. Alimwonyesha Mbaka, na Mbaka akaketi chini akalia. Kisha Ngari akaenda nyuma ya zizi akatapika. Nilimfuata na maji. Alinawa mdomo, akaniambia kwamba mwezi wa nane alisimama pale ukutani, mkono wake umeushika huo waya, na mama anaimba ndani, na akazunguka kwa nje. Alisema maneno hayo mara nyingi. Nilimshika tu.

Baadaye alileta kondoo, kama inavyotakiwa kwa mtu aliyeivunja nthoni. Mama alisema Mungu hahitaji kondoo, kisha akampokea kondoo. Jiko jipya lilijengwa, na waya wa zizi sasa unapita kwenye nguzo, mbali na paa. Lakini jiko lenyewe lina balbu moja, Mbaka aliisisitiza, na waya wa hiyo balbu unapita juu pale mama anapokaa.

Nilidhani mambo yatarudi kama zamani, chai chini ya mparachichi, maneno kupitia kwangu. Kwa sehemu yamerudi. Ila kila tukifika Kanyakine, kabla hata sijakunjua leso, mama ananiambia nimwambie yule mtu aangalie jiko. Namshika mkono anainuka, tunatoka, anakaa nje kwenye nyasi na kugeuzia mlango mgongo. Ndipo Ngari anapovua kofia na kuingia. Anakagua waya wote, kwa mkono, hakuna kipande anachokiruka, kisha anapima omu zake. Hakuna anayemtazama mwenzake. Mimi ninasimama kizingitini katikati yao, na siku hizi mimi pia naogopa. Sitanii tena. Hata pasi naigusa kwa mgongo wa kidole.

Mara ya mwisho tulipokwenda, mama aliniuliza amepata ngapi. Ngari akasema kutoka ndani, omu sifuri nukta tatu. Nikampelekea mama jibu hilo, ingawa alikuwa amelisikia.

"Ni nzuri?" akauliza.

Nikamwambia ni nzuri sana. Mama aliikunja mikono juu ya magoti yake, anatazama zizi. 

"Mwambie apime tena," akasema.